Wapanda Farasi Juu ya Maji: Siku kwa Siku kwenye Mto Tennessee, 1864

Hiki ni kisa cha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Mto Tennessee, katika kipande kinachohusika hapa, hutiririka kwenda kaskazini mpaka unamwaga maji yake katika Mto Ohio mjini Paducah, Kentucky. Jambo hilo lishikwe mapema, maana bila hilo ramani itakuchanganya. Anayepanda mto anaelekea kusini, anayeteremka anaelekea kaskazini. Ukingo wa magharibi ulitawaliwa na wapanda farasi wa Shirikisho la majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Ukingo wa mashariki ulikuwa na Johnsonville, bohari kubwa ya jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Kaskazini.

Johnsonville ilizaliwa kwa sababu ya kina cha maji. Njia ya kawaida ya kupeleka shehena Nashville ilikuwa Mto Cumberland, lakini wakati wa kiangazi na vuli maji yake hupungua, na stima zenye mzigo zilikuwa zikikwama kwenye miamba ya Harpeth Shoals kabla ya kufika mjini. Tennessee ulipitika kwa urahisi zaidi. Serikali ikajenga reli ya maili 78 kutoka Nashville hadi ukingoni mwa Tennessee, ikakamilika Mei 1864. Walioijenga kwa sehemu kubwa walikuwa Weusi, wengi wao wakiwa ndio kwanza wametoka utumwani, na walioilinda walikuwa vikosi vya askari Weusi vya namba 12, 13 na 100. Kikosi cha 13 ndicho kilichokuwa Johnsonville kwenyewe.

Aliyekuja kuichoma bohari hiyo ni Meja Jenerali Nathan Bedford Forrest, ambaye kabla ya vita alikuwa mfanyabiashara wa watumwa mjini Memphis. Miezi sita nyuma, Aprili 12, watu wake walikuwa wameiteka ngome ya Fort Pillow na kuwachinja askari Weusi waliokuwa wakisalimu amri. Kila askari wa Kikosi cha 13 alilijua hilo. Ujuzi wa kivita wa Forrest unasomwa hadi leo, na unastahili kusomwa, lakini usisomwe kana kwamba Fort Pillow haikutokea.

Miongoni mwa watu wake alikuwamo Kapteni Frank P. Gracey wa Kikosi cha 3 cha Kentucky. Kabla ya vita alikuwa nahodha wa stima kwenye Mto Cumberland. Katika jeshi lililojaa watu wa tandiko na hatamu, yeye alijua sauti ya boila inayopungukiwa maji na rangi ya mkondo unaopita juu ya fungu la mchanga. Kwa siku chache ujuzi huo ukawa na thamani kuliko farasi elfu.

Oktoba 19 hadi 27

Forrest aliondoka Corinth, Mississippi, Oktoba 19, akafika Jackson, Tennessee, Oktoba 21. Divisheni ya Brigedia Jenerali Abraham Buford ilitangulia kuelekea mtoni. Siku hizi hazina mengi zaidi ya kutafuta lishe ya farasi na kukokota mizinga. Mizito zaidi ilikuwa miwili aina ya Parrott ya ratili 20. Ratili hizo ni uzito wa kombora. Mtutu peke yake una ratili 1,750, karibu kilo 800, na tundu lake lina upana wa sentimita 9.3. Ndani yake mna mifereji inayolizungusha kombora, kwa hiyo linakwenda mbali na kwa shabaha. Manowari nyepesi za mtoni zilikuwa na mizinga mifupi ya ratili 24, isiyo na mifereji. Kombora lake ni zito kuliko la Parrott, ila masafa yakizidi kilomita moja na nusu hivi, shabaha inakuwa ya kubahatisha. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila pambano la wiki mbili zilizofuata.

Oktoba 28

Buford aliufikia mto akaweka mitego miwili, yote ukingo wa magharibi. Mmoja ulikuwa Fort Heiman, ngome ya zamani upande wa Kentucky, na huko ndiko zilikowekwa Parrott mbili. Mwingine ulikuwa Paris Landing, maili 5 hivi mbele zaidi kwa anayepanda mto, ndani ya Tennessee.

Nafasi kati ya mitego ina kanuni yake. Ikiwa karibu mno, stima itapita yote miwili kwa mbio moja. Ikiwa mbali mno, itapata mahali pa kutia nanga salama katikati, itengenezwe na kusubiri msaada. Maili 5 zinatosha chombo kiingie kizima, kisikie mizinga mbele yake, kigeuke, na kikute njia ya kurudi nayo imefungwa. Mizinga ilifichwa nyuma ya vichaka, na wapiga bunduki wakatawanywa ukingoni kati ya mitego ili mabaharia wasiweze kusimama wazi sitahani.

Jioni hiyo stima tupu ziliteremka mto. Buford akakataza kufyatua. Alitaka mzigo, na mzigo ulikuwa unatoka Paducah ukipanda mto.

Oktoba 29

Asubuhi ilikuja Mazeppa, imejaa na tishari linavutwa nyuma yake. Waliiacha ipite mzinga wa kwanza, kisha wakaifyatulia kutoka mbele na nyuma. Makombora machache tu yalitosha kuiharibu. Rubani akaielekeza ukingo wa mashariki, mabaharia wakaruka nchi kavu na kukimbilia msituni.

Hapo wapanda farasi wakakutana na tatizo lao la kwanza la kibaharia. Stima iliyojaa mali ilikuwa ng'ambo, na hawakuwa na hata mtumbwi. Mtu mmoja akavua nguo, akafunga bastola shingoni, akavuka kwa kuelea juu ya gogo. Masimulizi ya wenzake hayakubaliani: wengine wanamtaja askari wa kawaida aitwaye West, wengine wanamtaja Gracey mwenyewe. Kilichofuata hakina ubishi. Mashua ndogo ya stima ilishushwa, kamba nene ikapelekwa ukingo wa magharibi, na wanaume wakaivuta Mazeppa kwa mikono mpaka ikagusa upande wao.

Ndani yake mlikuwa na viatu, jozi 9,000 kwa hesabu inayotajwa zaidi, pamoja na mablanketi, nguo, unga na biskuti ngumu za jeshi. Mwanajeshi wa Shirikisho mwaka huo alikuwa hana viatu vya kuingilia baridi, kwa hiyo shehena hiyo ilikuwa afadhali kwake kuliko dhahabu. Manowari tatu zilifika mchana kuwapiga wapakuaji, zikafukuzwa na Parrott. Mizigo ikasogezwa mbali na maji kwa magari ya farasi, na Mazeppa ikachomwa moto ili isirudi mikononi mwa wenyewe.

Oktoba 30

Siku hii inafaa kuangaliwa kwa makini, maana ndiyo iliyowapa wapanda farasi manowari.

Kwanza iliteremka stima Anna. Ilipigwa lakini ikaponyoka na kwenda zake Paducah. Nyuma yake ilikuwapo Undine, manowari namba 55, iliyokuwa imeisindikiza sehemu ya njia. Undine ilikuwa ya tani 179, yenye gurudumu la makasia nyuma na mizinga 8 ya ratili 24, chini ya nahodha John L. Bryant. Iliposikia milio ikarudi kutazama, ikaingia katikati ya mitego.

Ili kuelewa kilichoipata, ijulikane manowari za aina hii zilivyoundwa. Zilikuwa stima za biashara za mbao zilizovishwa mabamba membamba ya chuma, ya kuzuia risasi za bunduki tu. Boila zilikaa juu ya sitaha kuu, mbele, si chini ya maji, kwa sababu chombo cha kuelea kwenye maji haba hakina ngama ya kuziweka. Bomba la mvuke lilitoka kwenye boila likapita urefu mzima wa chombo hadi kwenye mitambo nyuma. Kombora moja la Parrott likilipasua bomba hilo au boila, wote walio karibu huunguzwa na mvuke kabla hata ya kufikiria moto. Kitu cha pili ni kamba za usukani. Zinatoka chumba cha rubani juu kabisa, zinashuka na kwenda nyuma hadi kwenye sukani. Zikikatika, chombo kizima chenye mitambo mizuri kinaanza kwenda kinakotaka mkondo.

Bryant alipigana kwa muda mrefu, akapata sehemu ya kujikinga kwenye pindo la mto ambapo mizinga ya mitego yote miwili haikumfikia vizuri. Ila hakuweza kupanda wala kuteremka. Stima Venus ikaja kutoka juu ikivuta matishari mawili. Undine iliionya kwa ishara, nayo ikapita mtego wa juu hata hivyo, ikajikuta ndani ya tundu lile lile. Kisha J. W. Cheeseman ikafuata, ikapigwa na kuharibiwa mara moja. Manowari Tawah, namba 29, ilishuka kutoka Johnsonville kuja kusaidia. Ikabaki mbali, ikarusha makombora, ikarudishwa.

Mchana Kanali Edmund Rucker alitafuta njia ndani ya msitu, akasogeza mizinga mpaka mkabala na pale Undine na Venus zilipojificha. Kwa umbali huo mdogo hapakuwa na pa kujificha tena. Undine iliendeshwa ikagota ukingo wa mashariki na watu wake wakatokomea porini. Venus ilisalimu amri, nahodha wake akiwa ameuawa. Watu wa Shirikisho wakaipanda Venus, wakavuka nayo, wakaifunga Undine kamba na kuileta upande wao.

Jambo la kujifunza liko kwenye Venus. Manowari ilikuwa na ishara za bendera na filimbi. Stima ya mizigo ilikuwa na nahodha wa kiraia mwenye ratiba ya kutimiza. Onyo lisiloeleza hatari ni nini, liko wapi, na upande gani wa mto, halimzuii mtu wa namna hiyo.

Oktoba 31

Forrest alikuwapo mwenyewe. Cheeseman ilionekana haitengenezeki kwa muda uliopo, ikachomwa pamoja na matishari. Undine na Venus zikatengenezwa.

Kutengeneza ni kuziba matundu, kuunga kamba za usukani, na kupima kama boila zinashika mvuke. Kazi ngumu zaidi ni watu. Stima ya mtoni inahitaji rubani anayeujua mto ule hasa, maana rubani wa Cumberland akihamia Tennessee anaanza upya kujifunza mafungu na mapindo. Inahitaji mafundi mitambo wa zamu mbili na wachochezi wa kulisha moto bila kusimama. Boila iliyopoa huchukua saa kadhaa kupata mvuke wa kusukuma gurudumu dhidi ya mkondo. Mchochezi mgeni akiharakisha kwa kuni nyingi huku maji ya boila yamepungua, anatengeneza bomu. Forrest aliwatafuta ndani ya safu zake waliowahi kufanya kazi mtoni.

Gracey akapewa Undine. Luteni Kanali William A. Dawson akapewa Venus na uongozi wa msafara mzima. Dawson hakuwa mtu wa maji. Alimwomba Forrest ahadi kwamba vyombo vikipotea hatamtukana, na Forrest akaahidi. Ombi hilo lilitoka kwa afisa aliyeona wazi kazi anayopewa ina nini ndani yake.

Parrott mbili za ratili 20 zikapakiwa Venus. Hapo ndipo hesabu ilipoanza kukosewa. Mzinga wa nchi kavu ukifyatuliwa hurudi nyuma kwa magurudumu yake. Juu ya sitaha ya mbao isiyo na reli wala kamba maalumu za kuuzuia, kila mfyatuo unataka mzinga usukumwe na kulengwa upya. Na Venus ilikuwa stima ya mizigo, haina bamba la chuma hata moja.

Novemba 1

Waliondoka kupanda mto, vyombo viwili majini na jeshi ukingoni. Divisheni ya Brigedia Jenerali James R. Chalmers ilikwenda mkabala na vyombo, ya Buford nyuma yake. Amri ilikuwa vyombo visitangulie mizinga ya ukingoni. Wakalala karibu na daraja la reli lililovunjwa, pale Danville.

Mvua ilianza kunyesha.

Novemba 2

Mvua haidhuru stima, hudhuru barabara. Njia za ukingo wa magharibi zilikuwa udongo wa mfinyanzi, zikikatiza kila kijito kinachoingia mtoni. Mizinga ilizama hadi kwenye vitovu vya magurudumu. Wakati huohuo Venus na Undine zilikuwa zikipanda bila shida, kila pindo likiziweka mbele zaidi ya walinzi wao.

Karibu na fungu la Green Bottom, maili 6 hivi chini ya Johnsonville, zilikutana na manowari Key West, namba 32, na Tawah, chini ya Luteni Edward M. King. Venus ilikuwa mbele. Bila mizinga ya ukingoni, pambano lilikuwa kati ya stima ya mbao na manowari mbili zenye mabaharia waliozoea kulenga wakiwa mwendoni. Dawson aliigotesha Venus ukingoni, akatoroka na watu wake bila kuichoma. King akaichukua ikiwa na Parrott zake zote mbili na makombora yake.

Gracey, aliyekuwa nyuma, aligeuza Undine na kuteremka na mkondo mpaka akafika chini ya mizinga ya Chalmers. Ni hatua inayotaka ustadi. Chombo cha gurudumu la nyuma kikigeuzwa kwenye mkondo mwembamba huukingama mto, na kwa muda huo kinakuwa shabaha pana isiyosonga. Nahodha wa mtoni huirudisha tezi, yaani nyuma ya chombo, kwanza kwenye maji tulivu ya ukingoni, aache mkondo uizungushe omo, yaani mbele yake, ndipo afungue mvuke. Dawson alikuwa na ujasiri uleule, ila hakuwa na miaka ya kazi hiyo mikononi.

Forrest alitimiza ahadi yake, hakutukana.

Novemba 3

Undine ilitumiwa kama chambo. Mizinga ilifichwa ukingoni karibu na kisiwa cha Reynoldsburg, chini kidogo ya Johnsonville, na Gracey akapanda mara kadhaa ajionyeshe na kurudi, akitaka King amfuate. King hakumfuata, na alifanya sawa. Aliona jinsi adui anavyoteremka bila haraka, akaelewa kwamba mtu anayekimbia kweli hachagui mahali pa kukimbilia.

Habari kwa simu ya waya zilikuwa zimefika Paducah. Usiku Luteni Kamanda Le Roy Fitch alikuwa njiani na manowari sita: Moose, Brilliant, Victory, Paw Paw, Fairy na Curlew. Forrest sasa alikuwa na manowari za adui juu na chini, na chombo kimoja tu katikati.

Usiku huohuo mizinga ilianza kupelekwa mkabala na Johnsonville yenyewe. Kapteni John W. Morton, mkuu wa mizinga wa Forrest, mwenye miaka 22, ndiye aliyetafuta mahali. Aligundua jambo la kijiometri ambalo sifa za wapanda farasi huwa zinalifunika. Ngome ya Muungano ilikuwa juu ya kilima, na mizinga yake isingeinamishwa kiasi cha kugonga ukingo wa chini ng'ambo. Manowari nazo zilikuwa chini, maji yakiwa haba, na ukingo mrefu wa udongo ukasimama mbele yao kama ukuta. Kati ya mistari hiyo miwili palikuwa na kipande cha ardhi ambacho makombora ya juu yangepita kichwani na ya chini yangeishia udongoni.

Mashimo yakachimbwa nyuma ya ukingo, mizinga ikazamishwa, na tundu la kufyatulia likatobolewa mbele kwa kila mmoja. Majani na magogo yalifunika udongo mpya, kwa sababu udongo mwekundu uliochimbwa huonekana kutoka mbali kuliko mzinga.

Novemba 4

Asubuhi. Fitch alifika chini ya kisiwa, King akashuka kutoka juu. Undine ilikuwa imebanwa. Gracey akaitia moto, akawatoa watu wake nchi kavu. Moto ulipoifikia stoo ya baruti, manowari ikalipuka. Ndivyo ulivyokwisha unahodha wake katika vita. Baada ya vita alirudi kwenye biashara ya mto na mizigo mjini Clarksville, na kijiji cha Gracey, Kentucky, kimechukua jina lake.

Kilichomzuia Fitch ni mlango wa maji upande wa magharibi wa kisiwa. Ulikuwa mwembamba, chombo kimoja kwa wakati mmoja, na mizinga ya Shirikisho ilikuwa juu yake kabisa. Kama cha kwanza kingepigwa boila, kingefunga njia na kurudishwa na mkondo juu ya wenzake. Wengine walimlaumu. Ila aliyewahi kuona tishari likikingama kwenye mlango wa mto anajua kwa nini nahodha huyo alibaki chini akarusha makombora kwa mbali. Huku juu, Key West ilipigwa mara 19 kwa muda mfupi, na King akarudi gatini Johnsonville. Baada ya hapo manowari zake tatu, Key West, Tawah na Elfin, hazikuwa na pa kwenda.

Mchana. Kati ya saa 8 na saa 9, kwa saa iliyopangwa, mizinga yote ilifyatua kwa pamoja. Gatini stima na matishari yalikuwa yamefungwa ubavu kwa ubavu, na juu ya ukingo kulikuwa na maghala na malundo ya mali iliyokosa nafasi ndani. Manowari zilijibu lakini makombora yao yaligonga udongo au yakapita juu. Askari wa Kikosi cha 13, wakiwa kwenye mahandaki upande wa pili, walipiga bunduki kuwazuia wapiga mizinga wasisimame wazi.

Uharibifu mkubwa zaidi haukufanywa na makombora. King alipoona manowari zake haziwezi kuokolewa, aliamuru zichomwe. Kanali Charles R. Thompson, kamanda wa kituo, akaamuru stima na matishari nayo yachomwe yasije yakatekwa. Hofu hiyo ilikuwa na sababu: wiki hiyohiyo wapanda farasi walikuwa wameonekana juu ya manowari. Lakini Undine ilikuwa imekwisha teketea, Venus imerudi, na Forrest hakuwa na chombo hata kimoja cha kuvukia. Mto wenyewe ulikuwa ngome, na ngome hiyo haikuhesabiwa.

Moto ukatoka gatini ukapanda juu. Vyombo vilivyokatika kamba viliteremka vikiwaka na kugusana. Matumbo ya matishari yaliposhika moto, maghala yalifuata. Mapipa ya pombe ya jeshi yalipasuka kwa joto, na pombe ikatiririka mteremkoni ikiwaka kwa rangi ya buluu mpaka majini. Miali ya moto ilikuwa mikubwa kiasi kwamba usiku ule jeshi la Forrest lilitembea maili 6 likimulikiwa nao.

Novemba 5

Asubuhi Forrest alirudi mkabala na mji pamoja na brigedi ya Rucker kuona kilichobaki. Askari Weusi walijitokeza ukingoni wakipiga kelele za kuwakaidi, na mizinga ikawafyatulia kwa mara ya mwisho. Kisha wakaondoka. Hasara ya Forrest ilikuwa watu 2 waliouawa na 9 waliojeruhiwa. Alidai ameharibu manowari 4, stima 14, matishari 20, na mali ya dola 6,700,000. Maafisa wa Muungano walikadiria dola 2,200,000. Hesabu ya Forrest ilijumlisha kila kilichochomwa, bila kujali aliyekichoma.

Novemba 6 hadi 10

Amri ilikuja Forrest ajiunge na jeshi la Jenerali John B. Hood wa Shirikisho, lililokuwa likijiandaa kuingia Tennessee. Alijaribu kuvuka mto Perryville. Mashua ndogo mbili zilizookolewa zilibebwa kwa magari, na mabao ya nyumba yakafungwa kuwa chelezo. Mto ulikuwa umejaa mvua, unabeba magogo, na chelezo kisicho na usukani huburutwa mbali kila kinapovuka. Walivuka wapatao 400 wa brigedi ya Rucker, wengine ikabidi wapite nchi kavu.

Njia ilikuwa matope matupu. Mzinga mmoja ulihitaji hadi farasi 16, na pale farasi waliposhindwa maksai walichukuliwa kutoka mashamba ya jirani. Walifika Corinth Novemba 10.

Jenerali William T. Sherman wa Muungano, ambaye njia yake ya chakula ndiyo iliyolengwa, aliondoka Atlanta Novemba 15 kuelekea baharini, akila kutoka kwenye mashamba aliyopita; bohari ya Johnsonville haikumhusu tena. Muungano uliiacha Novemba 30. Mapema Desemba, Luteni Kanali David C. Kelley, mmoja wa maafisa wa Forrest, aliweka mizinga ukingoni mwa Cumberland chini ya Nashville akakamata stima mbili. Fitch alikuja na kuzikomboa.

Mwaka 1944 bwawa la Kentucky liliinua maji, na gati la Johnsonville likafunikwa na ziwa. Mahandaki ya kilimani bado yanaonekana.

Desemba 16, 1864, askari wa Kikosi cha 13 walipanda kilima cha Overton nje ya Nashville kulikabili jeshi la Hood. Walipoteza watu 220 waliouawa, kujeruhiwa au kutoweka, wengi kuliko kikosi chochote cha Muungano siku hiyo.